Namba Tisa ya Copper Peacock

Wimbo wetu wa kwanza haukufika popote. Wa pili, mwaka 1972, ulishika nafasi ya thelathini na nane kwenye chati ya mauzo ya santuri kwa wiki moja tu, ukatoka. Wa tatu, "Kucha za Dhahabu", ulipanda hadi namba tisa, na huo ndio ulionitia kinyaa ambacho hakijanitoka hadi leo.

Bendi yetu, Copper Peacock, ilikuwa ya vijana wanne wa Willenhall, mji wa mafundi kufuli huko Uingereza. Mimi, Neville Tonks, nilipiga ngoma. Mwimbaji alikuwa Roy Tranter, aliyepanda jukwaani na viatu vyenye soli nene kama matofali, mashavu yamepakwa unga wa kumetameta. Meneja wetu, Lionel Garside, alikuwa na viganja laini visivyokauka jasho.

Chati ilitangazwa redioni Jumanne mchana. Tulikuwa ndani ya gari la vyombo vya muziki, tunakula chipsi. Roy alilia. Nilikimbilia kwenye kibanda cha simu nikampigia mama. Akasema, "Nilijua tu, Nev wetu."

Jumapili nilikwenda kula kwake. Dirishani palikuwa na chungu kidogo cheusi cha maua, kingo zake zimejikunja kama mawimbi. Nilikiinua kukitazama, na kwenye kitako chake nikasoma jina la bendi yangu. Ilikuwa santuri yetu, imelainishwa kwenye oveni na kufinyangwa bakuli. Nilicheka, nikidhani ni moja iliyokwaruzika. Halafu nikatazama nje. Madirisha ya ng'ambo ya mtaa, moja baada ya jingine, yalikuwa na vyungu kama kile.

"Mama, hizi santuri mmezitoa wapi?"

"Tumezinunua, mwanangu. Mimi peke yangu nilinunua kumi na nne kila Jumamosi."

Akanieleza yote huku akikoroga mchuzi. Lionel alikuja, akanywa chai, akawaachia nauli, pesa za santuri na orodha ya maduka ambayo mauzo yake huhesabiwa kwenye chati. Kila Jumamosi mama na wanawake sita wa mtaani walipanda basi kwenda miji ya Dudley, Bilston na Walsall. Kabla ya kurudi duka lile lile mara ya pili alibadilisha kitambaa cha kichwa. Lionel aliwaambia kwamba ndivyo kila mama wa mwanamuziki anavyomsaidia mwanawe. Santuri zilizobaki zilikuwa kwenye banda la makaa.

Nilikwenda kulifungua. Zilikuwa zimerundikwa hadi usawa wa kifua, makaratasi yake yameota ukungu, na panya walikuwa wamezaa katikati ya picha za nyuso zetu zilizopakwa rangi. Niliporudi mezani nilisukuma sahani kando.

Kesho yake nilimkuta Roy mazoezini, nikamuuliza kama alijua. Alikuwa akibandua rangi ya kucha.

"Tangu wimbo wa pili. Hata ile thelathini na nane tulinunua, Nev."

"Na wewe ukalia kwenye gari?"

"Nililia kwa sababu mbinu imefanya kazi. Sasa unataka tuanguke ili roho yako itakate?"

Nilimwambia Lionel kwamba wimbo wa nne utasimama kwa miguu yake, ama sivyo atafute mpiga ngoma mwingine. Aliapa, akanishika mkono. Nilijifuta jasho lake kwenye suruali mbele yake. Mama naye nilimwomba asinunue tena. Akaahidi, ingawa aliona namnyima raha.

Wimbo wa nne ulifika namba tano. Tuliitwa London kwenye televisheni. Tukiwa tunapakwa rangi, Lionel aliniinamia sikioni, pumzi yake inanuka mnanaa, akasema safari hii amewatumia akina mama wa mji wa Coventry, kwa hiyo ahadi ya mama yangu haijavunjwa. Alitabasamu kana kwamba amenifanyia hisani. Nilitapika kwenye beseni la kunawia, na matapishi yakametameta.

Halafu nilipanda jukwaani. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote. Santuri ilipigwa, sisi tukaigiza, na mimi nilizipiga ngoma zisizosikika nikiwa nimekenua meno yote.

Nyumbani nilimkuta mama ameshika gazeti, amelikunja kwenye ukurasa wa chati.

"Umeona? Namba tano, na mimi sikununua hata moja. Safari hii ni watu wenyewe, Nev wetu. Wamewapenda wenyewe."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilimwambia ndiyo, ni watu wenyewe. Kisha nikamwambia naacha bendi. Aliniuliza nani ameniudhi, akauliza tena wakati wa chai, nami nikasingizia mgongo. Alinikanda mgongo huo usio na maumivu kwa dawa ya kuchulia farasi, akilaumu ngoma, na Jumatatu nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kufuli.