Kuku Mwekundu na Ukurasa wa Kushoto

Mwalimu Athieno alikuwa amechoka na watoto wa kunakili. Darasa lake la saba, katika shule moja ya Dabani, lingenakili hata kikohozi chake kama kingeandikwa ubaoni. Ndipo akaleta mtindo mpya wa madaftari ya sayansi: ukurasa wa kulia ni wa maelezo ya mwalimu, wa kushoto ni wa mwanafunzi mwenyewe, achore, abandike, aulize, hata abishe akitaka.

Hedimasta Wabwire hakupendezwa. Alisema wazi kwamba mkaguzi akija Ijumaa asiporidhika, watoto watarudi kunakili. Wanafunzi wa Athieno walikuwa wameanza kuuliza maswali, na kuwarudisha kwenye ububu kungemuuma sana.

Somo lilikuwa mnyororo wa chakula. Panzi hula mtama, kuku humla panzi. Watoto wakabandika mtama halisi na panzi halisi, wakachora mishale, na mwisho wakamchora kuku. Gundi ya dukani haikuwepo, kwa hiyo walipika uji mzito wa muhogo, ule ule wanaobandikia matangazo kanisani. Asubuhi ya Ijumaa wakayaanika madaftari uani, wazi kabisa, yakauke. Hapo akili za darasa zima, pamoja na za mwalimu, zilikuwa zimekwenda likizo.

Walipotoka kwenye paredi ya asubuhi walimkuta kuku mwekundu wa hedimasta, yule anayetaga kila siku na asiyeguswa na mtu, akimalizia daftari la mwisho. Mtama, panzi, gundi, vyote vilikuwa vimekwenda.

"Madamu," akasema Akwi, msichana mbishi wa dawati la mbele, "hii kuku nakula kazi ya darasa mzima."

Athieno alitaka kulia, ila hakupata nafasi. Gari la mkaguzi Ecweru lilikuwa limeshaingia getini.

Bahati nzuri mgeni hulishwa kwanza. Hedimasta alimwagiza mpishi Fabiano achinje jogoo. Fabiano alimkimbiza jogoo bila kumkamata hadi pumzi zikamwishia, kisha akamwona kuku mwekundu kivulini, ameshiba hata kusimama hawezi. Akamshukuru Mungu, akanoa kisu.

Mkaguzi alikula vizuri, na firigisi akapewa yeye, kama mgeni wa heshima anavyostahili. Kisha akaomba madaftari. La Akwi lilikuwa na mishale, matundu na picha ya kuku.

"Panzi yuko wapi?" akauliza.

"Kuku ilikula, sa."

"Nitajuaje?"

Akwi akaonyesha kona ya ukurasa wa kushoto. Palibandikwa kipande cha karatasi yenye mistari, kimelowa, na mguu wa panzi juu yake. "Fabiano alitoa hii ndani ya firigisi akiosha. Mimi naomba, yeye nanipa."

Mkaguzi akashika tumbo lake taratibu. Baada ya kuku kulikuwa na mshale mpya, wino haujakauka, na mbele yake mtu mwenye tai. Athieno akafumba macho.

"Huyu mtu mbona tumbo kubwa hivi?" Ecweru akauliza.

"Ni ya baada ya lanchi, sa."

Mkaguzi alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaandika kwamba madaftari hayo yaendelee, tena shule nzima. Athieno naye akacheka, machozi yakimtoka kwa furaha.

Hedimasta peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia picha ya kuku, ambaye Akwi, kwa kuheshimu ukweli, alikuwa amempaka rangi nyekundu.