Rimu za Shemeji

Mama Klachi hakuwa na mtoto anayeitwa Klachi, msije mkanielewa vibaya. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa udereva, maana ndilo neno alilolipigia kelele kutwa nzima: klachi, jamani, klachi! Shule yake ilikuwa chumba kimoja na gari moja. Ukutani ubao wa alama za barabarani, uwanjani koni kumi na mbili, na sheria moja tu ya kutisha. Ukigonga koni unazima gari, unashuka, unasimama mbele ya wenzako na kusema kwa sauti, "Nimegonga mimi." Usiseme breki imegoma. Usiseme koni ilisogea. Watu wazima wenye wajukuu wao walishuka na kusema, na yeye akawajibu, "Haya, rudi kwenye usukani," na kesi ikaishia hapo.

Sasa gari lenyewe, ambalo bado lilikuwa ndani ya waranti, likaanza vituko. Gia ya pili ilikataa kuingia, na ikiingia inaruka. Gurudumu la mbele la kushoto nalo likawa linavuma. Wanafunzi sita walikuwa na mtihani wiki inayofuata. Kununua giaboksi mwenyewe kungemfungia shule, hilo halikuhitaji kupigiwa hesabu. Tegemeo lake lote lilikuwa waranti.

Tatizo lilikuwa rimu. Alizileta shemeji yake, mdogo wa mumewe, siku shule ilipotimiza miaka kumi: pana, zinang'aa mpaka unaweza kujichania nywele mbele yake. Majirani walicheka wee. "Mwalimu, siku hizi unafundisha udereva au unabeba maharusi?" Lakini shemeji alizileta kwa mapenzi, na Mama Klachi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Magurudumu ya zamani yakalazwa mawili mawili darasani, ubao mrefu wa kukalia ukawekwa juu, likawa benchi.

"Shemeji, sikiliza," alisema kijana huyo asubuhi ya kupeleka gari gereji, jasho likimtoka. "Nimeuliza watu. Wale wa kampuni wakiona tu rimu za nje, zisizo zao, waranti yote kwaheri. Turudishe za zamani. Nani atajua?"

Mama Klachi hakupenda. Ila maji yalikuwa yamemfika shingoni, akakubali. Wakafungua benchi, wakafunga magurudumu, wanafunzi wakabaki wamesimama kama walinzi.

"Mwalimu, benchi limekwenda wapi?" aliuliza mzee mmoja wa darasa la jioni aliyewahi kufika.

"Limekwenda gereji," alijibu Mama Klachi, na wote wakaangua kicheko isipokuwa yeye mwenyewe.

Gereji ya kampuni iliyouza gari ilikuwa safi kupita kiasi. Karani wa mapokezi, binti mpole, alimsogezea fomu. "Jaza hapa, mama. Je, kuna kitu chochote ulichobadilisha kwenye gari? Halafu uweke sahihi kwamba uliyosema ni kweli."

Kalamu ikaganda mkononi. Shemeji akamnong'oneza, "Andika hapana." Kisha akamkanyaga mguu, kidogo, ili kumharakisha.

Basi Mama Klachi akawaona wale watu wazima wake wote, mmoja baada ya mwingine, wakishuka garini na nyuso zimewaiva kwa aibu. Miaka kumi amewashusha. Aliona haya, tena haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Akaandika NDIYO kwa herufi kubwa, akaongeza: rimu na tairi pana, tumezitoa leo asubuhi ili msizione. Akaweka sahihi kabla woga haujamshinda.

"Umetumaliza, shemeji," kijana alisema.

"Kaa chini," alimwambia. Yeye akamrudishia karani fomu.

Walikaa hadi saa nane. Alikuwa ameshapanga kichwani namna ya kuwaaga wale sita, amtafutie kila mmoja shule nyingine, wakati fundi mkuu alipotokea akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na fomu ameishika.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Vizuri. Maana nilipochungulia ndani ya madigadi, juu ya gurudumu, nikakuta yamekwanguliwa na tairi pana, na nje naona tairi nyembamba. Ungeandika hapana, ningefunga faili papo hapo, kwa uongo. Si kwa rimu." Akafungua kitabu cha waranti, ukurasa umejaa alama za vidole vya grisi. "Watu hawakisomi hiki. Hapa hawajasema ukifunga rimu umepoteza kila kitu. Wamesema hatulipii kilichoharibiwa na kifaa cha nje. Beringi inayovuma imeuawa na rimu zenu, zimetokeza mno nje. Hiyo ni yenu."

"Na gia?" Mama Klachi aliuliza, roho juu juu.

"Nimeifungua. Kuna pete ndani ina ufa wa tangu kiwandani. Rimu zitaufikaje ufa huo, dada? Giaboksi tunaibadilisha sisi. Njoo kesho kutwa."

Mama Klachi alitaka kusema asante, yakatoka machozi tu. Fundi akajitia kusoma fomu tena.

Siku gari liliporudi, darasani kulikuwa na benchi jipya linalong'aa: rimu pana, mbili mbili, ubao juu. Mzee wa darasa la jioni alikuwa amekwisha kujichagulia nafasi katikati. Somo likiendelea, mlango ukagongwa. Shemeji akaingia na boksi lenye beringi mpya, aliyoitafuta mwenyewe, akalitua mezani. Hakukaa. Alisimama mbele ya ubao, akawatazama watu wote wale.

"Nimegonga mimi," alisema.

Chumba kizima kikapiga makofi. Mama Klachi akamrushia ufunguo.

"Haya, rudi kwenye usukani. Tukafunge hiyo beringi, halafu tuisikilize gia ya pili." Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Na klachi, shemeji! Klachi!"