Bidoni yenye kitambaa chekundu

Kwa miaka ishirini na sita Florentine alichota maji kwenye robine, bomba la watu wote pale Nyamianda kando ya ziwa, na miaka yote hiyo hakuacha kulalamika. Alilalamikia foleni, alilalamikia magoti yake, alilalamikia wanawake wanaosuuza bidoni, madumu yao ya maji, mara tatu kana kwamba wanamwogesha mtoto wa askofu. Mwanawe Héritier, anayefanya kazi Kalemie, alichoka kuyasikia hayo kwenye simu. Akatuma mafundi wakamwekea mama yake robine yake mwenyewe, hatua nne kutoka mlango wa jiko.

Wiki ya kwanza Florentine alifurahi kupita kiasi. Alifua hata mapazia yaliyokuwa safi. Wiki ya pili alianza kuzungumza na kuku. Maji yalikuwepo, magoti yalitulia, na bado siku zilikuwa ndefu na chakula hakikupanda. Majirani hawakuja kumtembelea, wala hawakuwa na ubaya. Walizoea kukutana naye robineni kila asubuhi. Nani aende kumwamkia nyumbani kana kwamba ni mgonjwa?

Florentine alimkumbuka zaidi rafiki yake Agathe. Kwenye foleni ile hawasimami watu, zinasimama bidoni. Wenyewe hukaa kwenye ukuta mfupi wakipiga soga, na foleni ikisogea kila mmoja husukuma bidoni yake kwa mguu. Ukiwa umeondoka kidogo, rafiki yako hukusukumia. Usipokuwa na rafiki, unapitwa. Bidoni ya Florentine ilifungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, na miaka yote hiyo Agathe ndiye aliyeisukuma, kama naye Florentine alivyoisukuma ya Agathe.

Mwezi wa tatu akakutana na Agathe sokoni, kichwa kimenyolewa. Akamuuliza kulikoni. Agathe akamjibu huku akichagua nyanya: mama yake alizikwa Bwegera wiki tano zilizopita. Wanawake wote wa robine walipanda lori, wakalala huko kilioni siku mbili. Kisha akamuaga kama unavyomuaga mtu usiyemjua.

Florentine alifika nyumbani akalia. Tuseme ukweli, hakumlilia bibi wa Bwegera, aliyemwona mara mbili tu. Alijililia mwenyewe. Rafiki yake alikuwa ameamini kwamba Florentine alizisikia habari, akaamua kubaki nyumbani na maji yake.

Asubuhi yake alipangusa vumbi kwenye bidoni ile akaenda kuiweka mwisho wa foleni. Concilie, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akamuona wa kwanza.

“Mama Héritier, weye uko na robine kwako. Unakuja kutupunguzia maji?”

Wengine wakacheka. Agathe, bidoni yake ikiwa katikati ya foleni, akaangalia upande wa ziwa. Florentine akaenda kusimama mbele ya rafiki yake.

“Mama Thierry, ile kilio minye sikujua. Habari zinapitiaka hapa, na minye sikukuwa tena hapa. Ningejua, ningekuja Bwegera hata na miguu.”

“Na magoti yako?” Agathe akauliza, bado anaangalia ziwa.

“Na haya magoti.”

Agathe akainuka akaisukuma bidoni yake mbele. Florentine akaenda kukaa peke yake mwisho wa ukuta, aibu imemjaa, akijiambia kwamba kesho hatakuwa na nguvu ya kurudi. Concilie alisema kweli katika jambo moja: maji yale yalikuwa ya wasio na mengine. Kwa hiyo kila mtu mpya alipofika, Florentine aliinuka, akaitoa bidoni yake na kuirudisha nyuma kabisa, tupu. Concilie akamuuliza huo ni wazimu gani. Akajibu kwamba hakufuata maji.

Jua likapanda. Zamu ya Agathe ikafika. Akajaza, akafunga kifuniko, akajitwika, akaanza kwenda zake. Hapo foleni ikasogea. Florentine alitaka kuinuka lakini magoti yalikuwa yamekaza kwa kukaa sana, na bidoni yenye kitambaa chekundu ikabaki nyuma peke yake, nafasi imeachwa mbele yake. Mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akaanza kuisogelea nafasi ile na bidoni yake.

Agathe akasimama. Akaitua bidoni yake iliyojaa kando ya ukuta, akarudi mpaka mwisho wa foleni, na kwa mguu akaisukuma ile tupu mpaka ikagusa iliyotangulia. Kisha akaja akakaa karibu na Florentine, bega kwa bega. Florentine hakuthubutu kumwangalia.

“Mama alianza kuumwa siku ya Jumatatu,” Agathe akasema, na akamsimulia yote tangu mwanzo.