Kisanduku Kikavu

Mwanangu ni fundi sauti wa bendi moja, na mkewe ni mpiga gitaa wa bendi hiyohiyo. Mtu akisikia hivyo hudhani nyumba yetu imejaa nyimbo. Imejaa maneno makali.

Siku hiyo mkwe wangu alikuwa anapimwa. Mpiga gitaa wa zamani alitaka kurudi, na kiongozi wa bendi akasema atawasikiliza wote wawili ukumbini, kisha atabaki mmoja. Yule wa zamani alitangulia, akapiga vizuri tu. Mkwe wangu aliniomba tufuatane. Hakusema kwa nini, ila nilijua. Mwanangu alikuwa ameshatangaza mezani kwamba mke wa kuzurura na bendi si mke, na kwamba amechoka rafiki zake kumwita "mume wa staa".

Nikapewa kiti karibu na mwanangu kwenye mikisa, ile meza ya vitufe anayotumia kupandisha na kushusha sauti.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kati ya chombo na mikisa huwekwa kisanduku kidogo cha chuma, mafundi wanakiita DI. Kuna kinachotaka umeme na kuna kisichotaka. Hicho cha pili mimi nakiita kikavu. Kikavu ni kigumu, ukikiangusha unakiokota na kazi inaendelea, na kwa kinanda kinafaa kabisa, maana kinanda kina nguvu zake. Lakini gitaa la mkwe wangu halina betri. Lina kidude tu kilichobandikwa chini ya nyuzi, kinatoa sauti dhaifu, na ukilichomeka kwenye kikavu unene wote unapotea. Visanduku hivyo hulala chini ya kitanda changu, na wawili hawa wamevigombania mlangoni kwangu hadi nimevijua bila kutaka.

Mwanangu akampa mkewe kikavu. Cha umeme akakipeleka kwenye kinanda.

Gitaa likatoka jembamba, linakwaruza kama redio ndani ya bati. Kiongozi akakunja uso. Mkwe wangu akaomba kwa upole wabadilishe. Mwanangu akajibu kwenye maikrofoni yake, ukumbi mzima usikie, kwamba kisanduku hakina kosa, kosa liko kwenye vidole. Wengine wakacheka.

"Wewe ndiye ulinifundisha kwamba gitaa hili halitaki hicho," mkewe akasema.

"Hata mama alikufundisha kupika, bibie. Ulishika nini?"

Nikaingizwa kwenye ugomvi hivyohivyo, bila kuulizwa.

Mkwe aliweka gitaa chini, akaenda kwa mpiga kinanda, mzee mmoja mnene asiyependa makuu, akamnong'oneza. Mzee akainua mabega: kwake yote sawa. Wakabadilishana visanduku.

Wimbo ulipoanza tena, gitaa lilijaa ukumbini, nililisikia hadi kifuani. Kiongozi akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo. Hapo nikaona mkono wa mwanangu unatambaa. Kisanduku cha umeme hulishwa na mikisa, kupitia waya uleule wa sauti, na kitufe chake ni kimoja. Akakibonyeza.

Gitaa likafa. Lakini hasira ilimsahaulisha kazi yake mwenyewe, kwani kitufe hicho ndicho kinacholisha na zile maikrofoni nyembamba za waimbaji. Nazo zikafa. Waimbaji wakabaki wanafunua midomo kama samaki, huku kinanda kinaendelea bila habari.

Kiongozi akasimamisha wimbo, akauliza kulikoni. Mwanangu akasema bila aibu kwamba visanduku vya umeme ndivyo vilivyo, vinaleta hitilafu, na ndiyo sababu alimnyima mkewe. Kiongozi akamgeukia mkwe wangu, na nikaona anakaribia kuamini.

"Amezima yeye," nikasema. "Kitufe kile chekundu. Nimemwona."

"Mama, nyamaza."

"Washa, baba. Halafu nitanyamaza."

Akawasha. Mkwe wangu akapiga upya toka mwanzo. Walipomaliza, kiongozi alimwambia ajiandae kwa safari. Mwanangu aliambiwa aondoke kwenye mikisa, atatafutwa fundi mwingine.

Nje alimfuata mkewe hadi getini, akamtaka achague palepale, yeye au bendi. Mkwe alikuwa anafunga zipu ya mkoba wa gitaa, hakuinua macho.

"Nimeshachagua. Ulikuwepo."

Mwanangu akanigeukia mimi, akasema nimemuuza mtoto wa kumzaa kwa ajili ya mtoto wa watu. Nikamwambia nyumba ni yangu, na mkewe atalala humo kama kawaida. Yeye atafute pa kulala mpaka ulimi wake upoe, na akirudi aanze kwa kumwomba mkewe radhi, mimi baadaye.

Alisonya, akaingia kwenye gari peke yake. Nasi tukaondoka kwa miguu, tumeshika mkoba huku na huku, kila mmoja upande wake.