Siku Niliyoigusa Betri ya Kuwashia

Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti wa tatu kinanda kilipoanza kulegea sauti, kama mtu anayesinzia huku anaimba. Tulikuwa ziwani, botini, tumekaribia Ikombe. Ufukweni watu walikwisha kusimama na majani ya migomba mikononi, wanatusubiri.

"Baba Angetile!" Lusungu, kiongozi wa kwaya, alinigeukia. "Tutashuka mabubu? Hawa watatucheka mpaka Pasaka ijayo."

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza betri wa boti ya usharika wetu wa Matema. Zilikuwa mbili, nimezichagua mwenyewe dukani: moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa na pampu. Nilichukua zinazofanana, zote za gari, nikiamini mapacha hawagombani. Kila Jumamosi nilisugua vichwa vyake kwa maji ya moto na magadi, nikavipaka grisi, nikaongeza maji ya betri mpaka kwenye alama. Kisha niliweka mkono juu yake, nikaziombea. Nahodha wetu, Anord, alinitania kwa sala hizo. Yeye alikuwa na amri moja tu: "Hiyo ya kuwashia, hata malaika akija na waya, asiiguse."

Anord alikuwa kwenye usukani, amenipa mgongo. Niliinama, nikang'oa klipu za amplifaya ya kinanda kwenye betri ya taa iliyokwisha nguvu, nikazibana kwenye ile ya kuwashia. Kinanda kikaamka. Lusungu akacheka kwa furaha. Nikajiambia: sifa za Mungu zitamaliza nini?

Ibada ilifanyika palepale mchangani, waya umetoka botini, injini imezimwa. Tuliimba saa tatu nzima. Watu walipoanza kuagana nilifuta klipu kwa leso, nikazirudisha kwenye betri ya taa.

Alasiri upepo wa kusini ulivuma. Tulipanda, vijana wakatusukuma hadi kwenye kina, Anord akawasha. Tak. Akajaribu tena. Tak. Halafu kimya. Mawimbi yakaigeuza boti ubavu na kuipeleka kwenye miamba. Lusungu alinyoosha mguu kuizuia isigonge, mguu ukabanwa kati ya ubao na jiwe. Sauti aliyoitoa, sijawahi kuisikia kwaya yoyote ikiifikia.

Tulitolewa sote tukiwa hai. Anord alinijia maji yakimchuruzika.

"Umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Angetile, niangalie mimi."

Sikumwangalia. Niliinua mikono nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Kila mtu alifumba macho. Kwetu hakuna anayemkatiza mwenzake akiwa kwenye sala, na mimi nililijua hilo. Niliomba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Nilipofika kwenye amina, mtu mmoja alisema nahodha hakukagua injini, huenda alionja kitu huko Ikombe. Wengine wakaitikia. Nikanyamaza.

Wazee wa kanisa walimwondoa Anord. Hawakumtukana, walisema tu kwamba hafai tena kukabidhiwa roho za watu. Mimi, mwenye miaka hamsini na miwili, wakanituma mjini, Mbugani, nikasome umeme kwenye madarasa ya jioni, ili nikirudi nishike boti. Nilifikia kwa shemeji yangu. Kila asubuhi nilipiga magoti, na kila asubuhi niliinuka bila kuomba.

Mwalimu wetu, Doreen, binti wa Singida, angeweza kuwa kitinda mimba wangu.

"Betri ya gari," alisema, "ni mtu anayekimbia nyuki. Nguvu nyingi, mara moja, basi. Ya taa iwe kama mkulima wa mpunga: polepole, kutwa nzima. Ukimkimbiza huyu au ukimlimisha yule, utamuua."

Darasa zima likacheka. Mimi niliandika kila neno. Kumbe nilikosea tangu dukani.

Wiki ile alitupa zoezi: eleza hitilafu uliyoiona kwa macho yako, taja na chanzo chake. Niliandika kurasa nne, sikuficha kitu. Daftari liliporudi, alikuwa ameweka vema kila mahali. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, aliuliza: "Nahodha ameshaambiwa?"

Jumamosi nilikwenda Kasumulu, mpakani. Anord sasa alikuwa anabeba magunia kwa baiskeli hadi darajani.

"Ndaga, mkuu wa mabetri!" alinipokea kwa salamu ya kwetu. "Umekuja kuniombea tairi?"

Nilimweleza yote. Aliendelea kufunga gunia, akaivuta kamba mpaka ikalia.

"Uliacha leso yako juu ya betri yangu," alisema. "Niliikuta siku ileile."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilifungua kinywa, ukaanza kuomba. Ningefanya nini, nikemee sala? Na ulipomaliza, walikuwa wameshaamua." Aliegemea baiskeli. "Mke wangu mpaka leo ananiuliza kama kweli nilikunywa. Na Lusungu kila akikanyaga chini anajua ni mimi niliyemvunja."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hayo baadaye. Nenda kwanza kwa Lusungu, halafu kwa wazee. Na ukifika, usianze kwa kuomba."

Nilimkuta Lusungu uani, anatandaza kakao juani. Alikuja akichechemea, akaniletea kigoda, akakataa nimsaidie. Tulisalimiana. Kisha, kama ilivyo desturi mgeni anapoketi, aliinamisha kichwa na kufumba macho, akingoja niiombee nyumba yake.

Sala ikajipanga yenyewe ulimini mwangu, nzuri, haikupungukiwa neno. Nikaimeza.

"Fumbua macho, mama," nikasema. "Anord hakukosea."