Mlango wa Uani wa Clifford

Hilary alirudi Darwen, Uingereza, Jumanne moja ya Novemba, na sanduku la magurudumu na koti jepesi lisilofaa. Mvua ilikuwa ile ya Lancashire, nyembamba, isiyo na haraka, ambayo mtu haioni ikianguka ila anajikuta ameloa hadi soksini. Dereva wa basi alishuka kumteremshia sanduku, akamwita kipenzi ingawa kwa umri angekuwa mjukuu wake. Abiria walioshuka nyuma yake walimshukuru dereva mmoja mmoja, kana kwamba amewabeba bure. Hilary alisimama kwenye mvua akisikiliza shukrani zile. Alikuwa amezisahau.

Kaka yake Clifford alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

"Umechelewa," alisema.

"Basi lilikwama Blackburn."

"Sizungumzii basi. Ingia, chai inapoa."

Walikuwa watoto wa Harold na Vera Entwistle. Hilary alipokuwa na miaka tisa na Clifford kumi na miwili, Australia ilikuwa ikitafuta watu, nauli ya meli ilikuwa karibu na bure, na Harold alikuwa amechoka kukohoa vumbi la pamba. Familia nzima ilikwenda Liverpool kupimwa. Daktari alimpima baba, akampima mama, akamwambia Hilary apanue mdomo, kisha akamtazama Clifford akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na vyuma vyake vya mguu. Polio ilikuwa imempitia akiwa mdogo. Daktari hakumwambia arudi. Alimwacha palepale dirishani, akaongea na baba kwa sauti ya chini. Meli iliondoka na watatu. Clifford alibaki na bibi yake katika nyumba hii hii ya Mtaa wa Bobbin, akaambiwa watamchukua mwakani.

Mwakani ilikuwa ndefu. Kule Whyalla, Australia, kulikuwa na kazi ya meli na chuma, kisha ikaja nyumba yenye uwanja nyuma, kisha friji, kisha gari, kisha makaburi mawili. Huku Clifford alichanganya rangi katika kiwanda cha karatasi za ukutani mpaka kiwanda kikafungwa, akamzika bibi, akabaki na nyumba. Hilary aliolewa na Zoran, dereva wa kreni, naye akamzika. Baada ya hapo aliona hakuna kinachomzuia kurudi ila uvivu wa kufungasha.

Siku za kwanza walibishana kuhusu nchi.

"Kule bosi unamwita kwa jina," Hilary alisema. "Anakuja kwako kula nyama choma na kaptula yake, na akimaliza anaosha sahani."

"Mimi wangu nilimwita Bwana Haworth mpaka mwisho," Clifford alisema. "Siku ya mazishi ya bibi alisimama kwenye mvua bila kofia, saa nzima. Kaptula yake sikuwahi kuiona, na nashukuru."

"Limau unachuma mwenyewe uani."

"Hapa unalinunua sokoni, na muuzaji anakupa na habari za mgonjwa wa mtaa wa pili."

"Kwenye teksi tunakaa mbele, na dereva. Ukikaa nyuma unajifanya bwana mkubwa."

"Ukikaa mbele hapa, dereva atadhani unataka kumwibia."

Walicheka. Hilary alikuwa mtu wa kusifu mahali ambapo hayupo. Kule aliisifu Lancashire mpaka Zoran akampiga marufuku mezani. Sasa alijikuta akisifu vyote viwili kwa pumzi moja. Alipenda watu waliomwomba radhi yeye, wakati yeye ndiye aliyewakanyaga. Alipenda kwamba mwanamke wa duka la mikate alianza kufunga pai ya nyama na viazi mara tu aliposikia fimbo ya Clifford ikigonga mawe ya njia, kabla kaka yake hajatokea dirishani. Lakini saa kumi alasiri giza lilipoingia, aliikumbuka mbingu ya Whyalla, ilivyokuwa pana na isiyo na haya.

Ijumaa alitoka na bakuli la maganda ya viazi. Alipofungua mlango wa uani, mapipa ya taka hayakuwapo. Kulikuwa na jua. Kulikuwa na ardhi nyekundu, uzio wa mabati, mlimau, na ule mti wa chuma wa kuanikia nguo, unaozunguka kama mwavuli uliovuliwa kitambaa. Kasuku wa kijivu wenye vifua vya waridi walikuwa wamejipanga juu yake. Ulikuwa uwanja wa nyumba yao ya kwanza kule Whyalla, na ilikuwa alasiri.

Alimwaga maganda chini ya mlimau, walikokuwa wakiyamwaga siku zote, akarudi jikoni.

"Uani kwako kuna Whyalla," alisema.

"Basi funga mlango," Clifford alisema nyuma ya gazeti. "Nzi wataingia."

Habari ikazunguka mtaa. Wa kwanza kufika alikuwa Rashida, jirani wa ukuta mmoja, amebeba beseni la shuka lililomfika hadi machoni.

"Dada, nasikia mna jua."

"Lipo, pita tu."

Novemba haijawahi kukausha shuka Darwen. Siku ile zilikauka kabla maji ya chai hayajachemka, na Rashida alizinusa, akazikunja, akasema hajapata kulala juu ya kitu kilichonukia hivyo tangu alipokuwa mwali. Barney, msafisha madirisha, alipita kwenda kula mkate wake kule, akarudi na pua nyekundu kama nyanya, akasema kesho atakuja na kofia. Mwanamke wa duka la mikate aliomba kwa adabu nafasi ya kuyapa jua magoti yake. Foleni ilijipanga yenyewe kwenye ujia wa jikoni, na kila mtu alifuta viatu akiingia na akitoka.

Hilary aliwatazama kwa mapenzi. Watu wa Whyalla wangeruka uzio na kreti ya bia, wakajihudumia. Hawa walileta keki, wakauliza kama wanasumbua. Aliona kwamba hawakutofautiana sana. Wote walitaka kukaa mahali pazuri na mtu mwingine.

Wiki iliyofuata Vera Entwistle alitoka kwenye nyumba iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, amebeba beseni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, gauni la maua, na vibanio mdomoni. Alikuwa amekufa zamani, lakini nguo zilikuwa mbichi na lazima zianikwe. Hilary, ambaye sasa umri wake ulikuwa mara mbili ya ule wa mama yake, alimshikia ncha ya shuka.

"Umetokea wapi?" Vera aliuliza.

"Darwen, Mama."

"Mvua?"

"Mvua."

"Masikini wee," Vera alisema, akaitazama ile mbingu ya buluu kama mtu anayetazama mtoto wake mzuri. Kisha yeye na Rashida wakazungumza habari za madoa. Vera alitetea limau, Rashida alitetea siki. Hawakuafikiana, wakapendana.

Clifford alikuwa bado hajakaribia mlango. Alikuwa akisema hapendi joto.

"Kaka," Hilary alimwambia jioni ile, "mama yupo uani."

Clifford alilikunja gazeti. Alipanda ghorofani polepole, akashuka amechana nywele na kuvaa tai. Hilary alitangulia, akageuka kumpa mkono. Mkono ulibaki hewani. Clifford alikuwa amevuka kizingiti sawasawa, lakini alikuwa Darwen, kati ya mapipa mawili ya taka, mvua inamnyeshea tai.

"Hebu jaribu tena."

Alijaribu kwa kutanguliza mguu mzima. Alijaribu kinyumenyume. Alijaribu huku amefumba macho, akishika mkia wa paka wa Rashida, ambaye alikuwa akipita apendavyo. Paka alikwenda Australia, yeye akaenda kwenye mapipa. Kesho yake Hilary, Rashida na Barney walimbeba na kiti chake cha jikoni, kama bwana harusi. Waliingia Whyalla na kiti. Kilikuwa kitupu, na makalio yake yalikuwa yameacha joto. Clifford walimkuta amekaa chini kwenye mawe yaliyolowa.

"Umeumia?" Rashida aliuliza.

"Suruali tu, dada yangu." Alijipangusa. "Yule daktari bado yuko kazini."

Walikirudisha kiti, wakakiweka mbele ya kizingiti, upande wa jikoni, na Clifford akaketi. Kutoka pale aliweza kuona kila kitu. Vera alimwona, akaacha beseni, akaja mpaka mlangoni.

"Umekua, Clifford."

"Nimezeeka, Mama."

"Mguu vipi?"

"Ni uleule."

Vera alinyoosha mkono, akamweka tai sawa. "Baba yako ameuliza tena. Wamesema mwakani."

Clifford alikuwa na maneno ya siku hii tangu ana miaka kumi na miwili. Alikuwa ameyachanganya kama alivyochanganya rangi, akiongeza kidogo kila mwaka, mpaka yakawa mazito hayamwagiki. Sasa mbele yake alisimama mwanamke kijana, vidole vimenyauka kwa sabuni, na jua limemkaa vizuri usoni. Maneno yale yalimfaa mtu mwingine, mtu mzima zaidi, ambaye hakuwapo.

"Kuna joto huko?" aliuliza.

"Zuri sana," Vera alisema. "Ungelipenda."

Akarudi kwenye nguo zake.

Hilary ndiye aliyeshindwa. Alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti. "Mama! Alikuwa mtoto! Mlimwacha kama mtu anavyosahau mwavuli ndani ya basi!"

"Taratibu, mwanangu," Vera alisema kwa upole, kibanio kikiwa kati ya meno. "Majirani watasikia."

Rashida alizitazama shuka zake. Kasuku walihama waya, wakarudi.

Hilary aliingia jikoni, akaushika ufunguo. "Naufunga huu mlango. Sitaki kupita mahali ambapo wewe hupiti."

"Umepita miaka yote hiyo," Clifford alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja kwamba maziwa yamekwisha. "Nani amekutuma ufunge? Nguo za Rashida bado mbichi. Uache wazi. Mimi nataka kuona mlivyoishi."

Basi Hilary alimwonyesha. Alimwonyesha kibaraza walikolala siku za joto kali, wote watatu, wamefunikwa shuka zilizochovywa maji. Alimwonyesha mahali Harold alipochimba shimo la samaki, ambao walikufa. Alimwonyesha jinsi ya kutembea peku juu ya ardhi ya moto, kwa kurukaruka kama anayecheza ngoma, na Clifford alicheka mpaka akashika mbavu. Alimchomea soseji kule nje kwa moto wa kuni, akamletea kwenye sahani. Clifford alizitafuna kwa makini.

"Si mbaya," alisema.

Hilary aligeuza uso. Mtu wa Darwen akisema hivyo, hajabakiza sifa nyingine nyumbani.

"Na kule mliongea na nani?" Clifford aliuliza siku nyingine.

"Na kila mtu. Waitaliano, Wagiriki, akina Zoran. Hakuna aliyekuwa na bibi, kwa hiyo tuligawana majirani. Ukiugua, supu inakuja kwa lugha nne."

"Lo," Clifford alisema. "Nami nilidhani mna jua tu." Akafikiri. "Mimi nilikuwa na bibi. Kwa hilo nilikuzidi."

"Ulinizidi," Hilary alisema, na alikuwa akimaanisha. Tangu alipofika hakuwa amepita naye njiani bila watu kusimama, kumuuliza hali, kumsubiri avuke. Kaka yake alikuwa amejenga, kwa mguu mmoja na nusu, mji mzima uliomfahamu. Yeye alikuwa amevuka dunia mara mbili, na hakuwahi kufanya kitu kikubwa kama kile.

Majira yote ya baridi Clifford alikaa kwenye kiti chake kila alasiri, miguu ameinyoosha ng'ambo ya kizingiti. Wa kulia ulikwenda Whyalla, ukapigwa na jua. Wa kushoto, ingawa aliulaza ubavuni mwa mwenzake, ulikwenda Darwen na kunyeshewa. Hilary aliufunika kwa mfuko wa plastiki, lakini maji ya Lancashire hayana tabu kupata njia. Vera alipopita na beseni alimsalimu, akamwambia mwakani, naye akajibu sawa, Mama. Kisha walizungumza mambo mengine, kama hali ya hewa, ambayo kila mmoja alikuwa na yake.

Machi nesi wa wilaya, Mairead, alikuja kumwangalia mguu, kama alivyokuja kila mwezi, katika gari lake dogo, na bila kumdai kadi wala senti. Alipiga magoti jikoni, akamvua soksi. Mguu wa kulia ulikuwa na rangi ya mkate ulioiva vizuri, hadi gotini. Wa kushoto ulikuwa mweupe, ngozi imekunjamana kwa maji.

"Ulikwenda likizo, Bwana Entwistle?"

"Australia."

"Bahati yako. Ulipapenda?"

"Sana. Pazuri mno," Clifford alisema. "Ila walikubali mguu mmoja tu."

Mairead aliitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye amewahi kusikia kesi za aina hiyo. Akachukua taulo, akaanza kuukausha ule mwingine, kidole kwa kidole.