Jumamosi za Fundi Mutie

Jumamosi saa kumi Nzilani alikuwa akipepeta ndengu mbele ya jiko lake, Mbumbuni, mwanawe Mutie alipoingia kutoka kazini. Mutie alikaa kwenye kigoda, akavua buti, akamimina mchanga mweupe wa bahari kando ya mlango. Kisha akanawa mikono, ingawa simiti iliyoingia kwenye kucha za marehemu haitoki kwa maji. Alikuwa ameuawa miaka mitatu iliyopita katika vita vya ng'ambo ya mpaka, na tangu azikwe hakukosa kuja Jumamosi hata moja.

"Leo mmefanya nini?" Nzilani akauliza.

"Tumefunga linta juu ya milango, Mwaitu," akamjibu mama yake. " Ni shule. Madarasa manne."

"Mko wengi?"

"Wa kwetu kumi na saba. Kuna wa Uganda na wa Burundi. Halafu kuna wale tulikuwa tunapigana nao. Hao ndio wanachanganya simiti."

"Wanajua kuchanganya?"

"Wanaweka maji mingi."

Mutie hakula. Alikaa na mama yake mpaka jua likagusa kilima, akavaa buti, akaondoka. Rundo la mchanga lilikuwa limefika kiunoni. Majirani walishawahi kuuazima wakapiga plasta choo cha kanisa, lakini mchanga wa bahari una chumvi, na plasta ilibanduka kabla ya Pasaka. Afisa wa mchanga naye alikuja kuuliza kama mama ana kibali cha kuchota mchanga mtoni. Akaelezwa unakotoka, akaandika "zawadi", akaenda zake.

Kwamba Mutie hapumziki, kosa lilikuwa la Nzilani mwenyewe, na hakumficha mtu. Kwao kazi kubwa hufanywa kwa mwethya: majirani huchimba fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, katika shamba la huyu leo, la yule wiki ijayo, na kila nyumba hutoa mikono. Kabla jembe halijagusa udongo, mwenyekiti wao Kalekye husoma majina kwenye daftari. Asiyekuwepo, jina lake hurukwa, isipokuwa mtu wa nyumbani kwake amwitikie. Na ukishamwitikia mtu, mikono yake lazima ionekane kazini. Miaka sita Mutie, fundi wa mawe, alipokuwa jeshini, mama yake alimwitikia na kuchimba sehemu ya kijana juu ya sehemu yake mwenyewe.

Siku ya mazishi, mwethya ndio waliokuja kuchimba kaburi. Kalekye aliona majembe, akafungua daftari kwa mazoea tu. Alipofika kwa Mutie Nyamai, Nzilani, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, akasema, "Yuko." Walichimba, wakazika, wakala, wakaaga. Jumamosi iliyofuata Mutie alikuja na simiti kwenye kucha, akasema ameitwa kazini. Kalekye alilifuta jina lake mara mbili kwa kalamu nyekundu bila kufaulu. Kazi ilikuwa imeshavuka mpaka, na daftari la Kalekye linaishia mtoni.

Nzilani alijilaumu akichota maji, akajilaumu akipanda, akajilaumu kanisani wenzake wakiimba. Mume alishafariki na mtoto mwingine hakuwa naye, kwa hiyo hakukuwa na mtu ndani ya nyumba wa kumwambia basi, yatosha. Alitaka jambo moja tu: Mutie alale.

Mwaka huu vita vilitangazwa kwisha, na mjadala ukaanza. Kuijenga upya nchi ile kutagharimu kiasi gani, na nani atoe? Redioni walibishana tangu alfajiri. Mtu wa Kikima aliuliza kwa nini awajengee wengine mji na daraja lake mwenyewe lilibebwa na mto. Mwingine akamjibu kwamba nyumba ya jirani ikiungua, moshi hauulizi mpaka. Wataalamu walitaja mabilioni mengi hivi kwamba mtangazaji akazoea kumalizia kwa kusema "na kadhalika". Mwishowe ikatangazwa kwamba tume itafika Tawa kuchukua maoni ya wananchi.

Nzilani alivaa leso safi, akaenda na Kalekye.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kijana wa tume, jina lake Mbithi, alikuwa na kompyuta, na gharama yote ilionekana ukutani kwa herufi kubwa: vifaa, usafiri, ulinzi, wafanyakazi, na jumla chini kabisa. Watu waliisoma ile jumla, wengine wakaguna. Walioinuka walisema kama walivyokuwa wakisema redioni, ila kwa sauti zaidi. Ikafika zamu ya Nzilani.

"Mimi ni Nzilani wa Nyamai, natoka Mbumbuni. Sikuja kuongea mambo ya pesa. Kijana yangu anajenga huko miaka tatu sasa, na alishakufa. Naomba aachiliwe apumzike."

Mbithi alikuwa kijana mwenye adabu. "Pole sana, mama. Anajenga kama kibarua ama kama fundi?"

"Fundi wa mawe."

"Na analipwa?"

"Marehemu atalipwa aweke wapi?"

"Sawa, mama. Na wako wangapi, kwa jumla?"

Nzilani hakuwahi kusema uongo kanisani. Alitaja kumi na saba wa kwetu, akataja wa Uganda na wa Burundi kama Mutie alivyomwambia, akawaongeza wanaochanganya simiti. Walipita mia mbili, na huo ni mji mmoja tu. Mbithi aliandika. Ukutani, pale penye wafanyakazi, tarakimu zikaanza kupungua hadi zikaisha, pakabaki sifuri moja. Jumla ikateremka. Watu waliitazama ikiteremka, kisha wakapiga makofi.

Kalekye akasimama bila kuinua mkono. "Sisi huku tuna mwethya. Mtu akichimba kwako, wewe pia unaenda kwake. Huyu kijana amejengea watu miaka tatu. Hao watu watakuja kwa mama yake lini?"

"Swali limeandikwa," alisema Mbithi, na kweli alikuwa ameliandika.

Nuradin, mfanyabiashara anayenunua mbuzi Mbumbuni, alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Aliwapisha watu wakitoka, akamfuata Nzilani uani.

"Mama, dada yangu Hodo yuko huko. Nyumba yake ilianguka wakati wa vita. Mwezi uliopita nimeenda, nimekuta ukuta wa chumba cha watoto umesimama. Mawe imekaa vizuri, kona iko sawa kabisa. Tumeuliza nani amejenga, hakuna mtu anajua."

"Aliacha shimo ndogo chini ya dirisha?"

"Ndiyo. Ya maji kutoka."

"Ni yeye," Nzilani akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu aliyeigusa kazi ya mwanawe, na hakujua afanye nini na furaha ile, maana iliuma.

Jumatatu Nuradin alikuja na jembe jipya. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu alikuja nalo siku ya kwanza. Alichimba tuta kutwa nzima, na maisha yake yote alikuwa mtu wa mbuzi, kwa hiyo tuta lilipinda. Nzilani hakumkosoa. Alimpakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, wakala wakitazama shamba. Kisha Nuradin akarudi kwa mbuzi wake.

Jumamosi Mutie alichelewa. Aliingia saa kumi na moja kasoro, akasimama mlangoni na buti miguuni.

"Mwaitu, wameongeza kazi. Wamesema vile sisi hatuna gharama, tujenge na bandari. Kuanzia wiki ijayo Jumamosi ni kazi mpaka usiku."

"Nani amesema?"

"Hatujui. Imesomwa tu."

Nzilani alielewa imetoka wapi: kwenye maneno yake mwenyewe kule Tawa. Alishika ungo kwa mikono miwili.

"Jumapili bado ni yetu," Mutie akasema. "Hiyo ndiyo siku tunalala. Naweza kuwacha kulala, nikuje nikuone."

"Jumapili tu ndiyo mnalala?"

"Hiyo tu."

Alimtazama vizuri, mabega yake na vumbi la chokaa kwenye kope. "Usikuje," akamwambia. "Lala."

"Utakaa aje peke yako?"

"Nitakaa."

Mutie akaondoka. Hakuacha mchanga.

Wiki hiyo redio ilisema gharama imefika kiwango ambacho kila mtu anaweza kukubali, na yule mtu wa Kikima akapiga simu kushukuru kwamba safari hii mwananchi wa kawaida amesikilizwa. Pasta alimtaja Nzilani kwenye matangazo. Majirani walimpa mkono.

Mwezi uliofuata tume ikaalika watu tena Tawa. Ajenda ilikuwa moja: kama kazi ya ujenzi iendelee pia siku ya Jumapili ili bandari iwahi kufunguliwa. Kalekye alipita asubuhi kumchukua, akamkuta na leso ya shambani.

"Hutaki kwenda kumtetea?"

"Nilienda," Nzilani akasema.

Alikaa nyumbani siku ile yote, asije akamwitikia tena. Alipepeta ndengu zilizokuwa zimeshapepetwa, na redio hakuiwasha.